Mpini wa Romana

Jumanne saa mbili asubuhi Maiko, karani wa kuandikisha wakulima, alifuta kioo cha mashine kwa pindo la shati lake, akapuliza, akafuta tena. Mashine yenyewe ilikuwa ndogo, ya kukaa kiganjani, imeunganishwa na kishikwambi kwa waya mweusi. Ofisi ya skimu ya umwagiliaji ya Lukima ilikuwa na meza moja, benchi mbili, na kalenda ya parokia ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyeiondoa kwa sababu picha ya Bikira Maria ilikuwa bado nzuri.

Lukima iko upande wa Mpimbwe, mwendo wa saa tatu kutoka Mpanda kama basi halijaharibika njiani. Watu wake wanalima mpunga. Mwaka huo skimu iliacha daftari ikaingia kwenye mfumo. Kila jaruba la mpunga lilitakiwa liwe na alama ya kidole cha mwenye nalo, na zamu za maji zingekuja kwa meseji. Asiye kwenye mfumo asingefunguliwa mfereji. Na jaruba ambalo lingefika Jumamosi saa kumi jioni bila kidole lingeandikwa kwa ndugu wa karibu mwenye kidole. Tangazo lilisomwa kanisani mara mbili, likapigiwa spika gulioni, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakusikia, ingawa wapo waliosema.

Generosa alikuwa wa nne kwenye foleni. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na moja, mama wa Jeniffer, na alikuja na jembe begani kwa sababu kutoka pale alikuwa anapitiliza shambani.

"Shikamoo, mama," alisema Maiko.

"Marahaba, baba. Nianze na kipi?"

Alianza na kidole gumba cha kulia, wakamaliza vyote kumi, wakarudia. Kila mara kishikwambi kiliandika kwa herufi nyekundu: HAKUNA MTU. Maiko alimshika mkono akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa zimelainika zinang'aa kama kibuyu cha zamani, hazina mstari hata mmoja.

"Mfumo haukutambui, mama."

"Mimi niko hapa lakini."

"Nakuona. Jaribu mafuta ya mgando, uvipumzishe kidogo. Kuna wengine vinarudi."

Nyuma yake alikuwa amesimama Gervas, shemeji yake, mdogo wa marehemu Fabiani. Gervas ana kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha, jaruba lake hulimwa na vibarua, na tangu azaliwe hajawahi kushinda na jembe mkononi. Kidole chake kilipokelewa kabla hajakibonyeza sawasawa.

"Shemeji, usihangaike," alimwambia Generosa kwa upole kabisa. "Cha kwangu si kipo? Tutaandika kwangu, wewe utaendelea kulima kama kawaida."

Generosa alilichukua jembe lake. Wiki iliyopita alimwona Gervas akipita juu ya tuta la jaruba lake na mtu mwenye viatu vyeupe kutoka Mpanda, wanahesabu hatua. Jaruba hilo alilikuta kichaka. Yeye na Fabiani walililainisha udongo, na Fabiani alipofariki aliendelea peke yake, na ndilo lililomsomesha Jeniffer hadi kidato cha nne. Aliogopa, na hakujisumbua kuficha kwamba anaogopa.

Jumatano na Alhamisi alikaa nyumbani mikono imelowekwa kwenye beseni. Jeniffer alipika, akaosha vyombo, akamlisha mama yake ugali kwa mkono wake ili vidole visifanye kazi yoyote. Majirani walipita kusema pole, kila mmoja na dawa yake, ndimu, maziwa ya ng'ombe, majivu. Kila alasiri Generosa alikwenda ofisini, na kila alasiri mashine ilisema hakuna mtu. Alhamisi alilia njiani akirudi, mchana kweupe, na watu aliopishana nao walimsalimia kama kawaida, wakamwacha alie.

Ijumaa alisema liwalo na liwe, akachukua jembe. Alipita ofisini kujaribu mara ya mwisho. Alipoinama kujifuta jasho aliegemeza jembe kwenye meza, mpini ukaserereka ukalalia kile kioo. Mashine ikalia mlio wake mfupi. Kishikwambi kikaandika kwa kijani: WATU WAWILI WAMETAMBULIWA.

Maiko aliuondoa mpini, akafuta kioo, akaurudisha. Ikawa vilevile. Alichukua simu yake, akawasha tochi, akaumulika mpini palipo pa kushikia. Mistari ilikuwepo, imejipanga vizuri, gumba, shahada, vyote kumi, vimerudiwa mara nyingi hadi juu.

"Mama, alama zako ziko huku."

"Zitakuwa zimehamia," alisema Generosa. "Muda wote huo zingebaki kwangu zifanye nini?"

"Na huyu mwingine?"

"Mama yangu, Romana. Mpini ulikuwa wake."

"Yuko wapi tumwandike?"

"Alifariki mwaka wa zile mvua za elinino."

Maiko alikuna kidevu. Hakutaka kufanya kosa, ajira yake ilikuwa ya mkataba. Alipiga simu kwa mkubwa wake Mpanda, akaeleza tangu mwanzo, akasikiliza, akasema ndiyo mara kadhaa. Mkubwa alikuwa amefungua mwongozo. Mwongozo ulitaka alama ya kidole cha mkulima, ila haukueleza kidole kiwe kimekaa wapi. Kuhusu marehemu, ukurasa wa kumi na nne ulikataza marehemu kuandikwa peke yake, na huyu hakuwa peke yake.

"Tarehe ya kuzaliwa ya mama Romana?"

"Nani anajua hiyo? Alizaliwa mwaka wa nzige."

Maiko akaweka tarehe moja Januari, kama wanavyowekewa wazee wote.

Kumbe Gervas alikuwa amesimama mlangoni, na kwa kweli hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema hilo jembe lilinunuliwa na kaka yake, yeye mwenyewe akiwepo, kwenye duka la vifaa pale Majimoto, na mali ya kaka yake ni mali ya ukoo. Kama jembe ndilo lenye jaruba, basi jaruba ni la ukoo.

Watu wa kwenye benchi waligeuka kumtazama Generosa.

"Ulinunua naye chuma," alisema Generosa. "Sisi kwetu binti akiolewa mama yake anampa mpini mtupu. Chuma ni juu ya mume. Nilikuja kwa kaka yako nimebeba mti begani, na wewe ulikuwepo ukanicheka."

Gervas alikumbuka. Akasema basi atachukua chuma chake. Hakuna aliyemzuia. Alilitoa jembe nje, akaligonga kwenye kizingiti mpaka chuma kikachomoka, akakirudisha ndani akakibandika kwenye mashine kwanza upande huu, kisha upande wa pili. HAKUNA MTU. Akakifunga kwenye baiskeli akaondoka nacho. Mpini ukabaki kwenye meza, na Maiko akaandika jaruba la Generosa kwa majina mawili.

Habari ilifika kila kitongoji kabla ya chakula cha jioni. Jumamosi foleni ilianzia ofisini ikaishia kwenye mashine ya kukoboa, kwani waliokataliwa na mfumo walikuwa wengi kuliko walivyoambiana. Walikuja na michi, na miiko, na mipini ya mashoka. Maduhu, Msukuma mwenye ng'ombe na majaruba mawili ya mpunga, alileta fimbo ya kuchungia, nayo ikamtambua yeye na baba yake na babu aliyeiacha Shinyanga mashavu yakiwa bado hayajaota ndevu. Mzee Melkior alisukuma mkokoteni wenye mlango wa nyumba yake, akaomba asaidiwe kuuinua. Maiko alifanya kazi bila kula hadi saa kumi kamili, akafunga. Waliochelewa walichelewa, na majaruba yao yakaandikwa kwa ndugu zao wenye vidole.

Meseji ya kwanza ya maji iliingia Jumatatu. "Ndugu Romana na Generosa, zamu yenu ni leo saa tano asubuhi." Generosa alimpa Jeniffer aisome, akamwomba aisome tena pale penye majina. Kisha akanunua chuma kipya kwa fundi wa Kibaoni, wakakigongomea kwenye mpini.

Wapo waliomshauri auvishe mpini kanga na kuuweka juu ya kabati, usije ukachubuka.

"Nikiuweka juu ya kabati nitalimia kabati?" aliwauliza. Akaenda shambani.

Sasa kila mwanzo wa msimu kuna uhakiki. Utaratibu haujabadilika, mkulima lazima aanze na vidole. Mwaka huu Generosa aliweka vyote kumi, kimoja kimoja, na mfumo ukasema hakuna mtu mara kumi. Wakulima waliokataliwa waliandika malalamiko yao wakayatuma Mpanda. Walijibiwa kwamba mashine haina tatizo. Gervas alikuwa amepita mapema, gumba moja, akaenda zake kibandani.

"Haya mama, lete mwenzio," alisema Maiko.

Jeniffer ndiye aliyekuwa amebeba jembe. Alilima nalo msimu mzima uliopita, mama yake akipandikiza. Alilaza mpini kwenye kioo na mashine ikalia. Maiko akasoma, akainua kichwa.

"Wamekuwa watatu."

Generosa alimtazama binti yake. Jeniffer aligeuza kiganja, akapitisha gumba la mkono mwingine juu ya ncha za vidole, taratibu, akitafuta mistari. Mingine bado ilikuwepo.

"Mwandike," alisema Generosa.

Maiko aliandika, kisha akauliza swali ambalo mwongozo unamtaka amuulize kila mkulima kabla ya kubonyeza pa mwisho, ila kwa hawa alilazimika kulibadili kidogo.

"Mpo wote?"

"Tupo wote," alisema Generosa, na Jeniffer akaweka jembe begani, kwa sababu maji yalikuwa yameshafunguliwa.