Mkono wa Wifi Darasani

Darasa la Kiingereza lilifanyika saa ya mapumziko ya mchana, katika chumba cha kukunjia mashuka cha kiwanda cha kufulia, na ubao wake ulikuwa shuka. Lilikuwa shuka la hoteli lililokataliwa kwa sababu ya doa la chai lenye umbo la kiatu. Lilitundikwa ukutani kwa misumari, na mwalimu akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Kila jioni lilishushwa likafuliwa pamoja na mengine, kwa hiyo somo la jana halikufutika kabisa wala halikusomeka. Lilibaki chini ya somo la leo kama mtu anayesikiliza nyuma ya pazia.

Siku hiyo mwalimu aliandika maneno matatu: somebody, anybody, nobody.

"Haya ndiyo maneno ya kila siku," alisema. Alikuwa kijana nadhifu mwenye tai moja tu, na tai hiyo aliipenda kuliko ndugu zake. "Bila haya huwezi kufungua mlango wala kupokea simu. Somebody, mtu yupo, ila hatumtaji. Anybody, yeyote yule, usichague. Nobody, hakuna mtu. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja," darasa likaitikia, baadhi ya midomo ikiwa bado inatafuna.

"Nani ataniandikia sentensi?"

Mkono ukanyooka benchi la mbele. Ulikuwa mkono wa kulia wa Wifi, na Wifi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa nyumbani akiuguza kigutu. Mkono ulikuja peke yake, kama ulivyokuja kila siku tangu ajali, ukapanda benchi na kukaa mahali pake pa kawaida, ubavuni mwa Kiranja.

"Wewe ngoja kwanza," mwalimu akauambia. "Jana uliandika wewe. Tuwape nafasi na wenzako."

Mkono ukashuka, ukatulia, vidole vikipigapiga ubao wa benchi taratibu.

"Kiranja," akadakia fundi wa boila kutoka nyuma, "hivi huoni haya? Mwenzako amekuja nusu robo na bado anakuacha mbali."

"Mzee, wewe umekuja mzima na hujui hata kusema habari za asubuhi," Kiranja akamjibu, na chumba kizima kikacheka. Mkono nao ulijigonga benchini mara kadhaa, ambayo ndiyo ilikuwa namna yake ya kucheka.

Kiranja aliitwa hivyo kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinyamazisha wengine darasani. Wifi alikuwa wifi yake kwelikweli, mke wa kaka yake mdogo. Kwa vile wawili hao waliitana "wifi, wifi" kutwa nzima, kiwanda kizima cha kufulia kikalichukua jina hilo kikampa mmoja wao. Walikuwa wakilisha mashine moja. Ilikuwa ni mashine ya kupigia pasi mashuka, yenye roli ndefu za moto, na waliipa jina la Bibi Harusi kwa kuwa haikuonekana hata siku moja bila kitambaa cheupe mbele yake. Kuilisha Bibi Harusi ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika pembe ya kushoto, mwingine ya kulia, wanalivuta shuka mpaka litulie, halafu wanalipeleka kwenye roli kwa pamoja. Mmoja akichelewa kidogo shuka linatoka na kona kama sikio la mbwa. La Kiranja na Wifi halikuwahi kutoka na sikio.

Mbele ya roli hizo palikuwa na fito la kinga. Kidole kikiligusa tu, mashine inasimama. Ubaya wake ni kwamba lilisimamisha mashine hata kwa kuguswa na pindo la foronya, na msimamizi hakupenda kuona Bibi Harusi akipumzika. Asubuhi moja, hoteli zikiwa zimebana kwa kudai mashuka, alikuja na spana, akalifungua mwenyewe huku akipiga mluzi. "Hebu nishikie hizi," akamwambia Kiranja, akammiminia skrubu kiganjani. Kiranja akazishika. Wifi alisimama upande wake akitazama.

"Bosi, na vidole?" Wifi aliuliza.

"Vidole ni vya kwako, mama. Vichunge."

Hazikupita siku nyingi, Bibi Harusi alimeza shuka pamoja na mkono, na upande wa pili akavitoa vyote viwili, vikavu, vimenyooka vizuri. Wifi alipelekwa hospitali. Katika ile pilikapilika, mkono ulisahaulika. Kesho yake asubuhi Kiranja alipoingia aliukuta umeshafika, umeshika pembe ya kulia ya shuka la kwanza, unamsubiri. Msimamizi alipita, akautazama, akatazama saa.

"Umewahi," akasema.

Ofisi ilimwondoa Wifi kwa maelezo kwamba aliumia kwa uzembe wake. Mkono hawakuuandikisha, kwa kuwa hauna shingo ya kuvalia kitambulisho. Lakini hawakuukataza kazi. Ulikuwa hauendi chooni, haupigi soga, na homa haukujua ni nini.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka ikaja habari kwamba mgeni anakuja. Hoteli zilizoleta mashuka zilikuwa na wakubwa wao ng'ambo, na wakubwa hao walisikia kwamba kuna mtu aliumia. Walimtuma mama mmoja aje aulize. Akithibitishiwa kwamba kinga iliondolewa kwa amri, fito litarudishwa siku hiyohiyo, na Wifi atahesabiwa kuwa aliumia kazini, atunzwe. Asipothibitishiwa, basi uzembe utabaki uzembe.

Kaka yake Kiranja alimfuata jioni hadi kwake. Hakukaa.

"Dada, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi sema ulichokiona. Hatukuombi kitu kingine."

"Nitasema," Kiranja akajibu, na wakati huo alikuwa anasema kweli.

Usiku huo huo hakujifunza kingine ila jina na cheo cha msimamizi kwa Kiingereza. Asubuhi alivijaribu mbele ya kioo kabla hajavaa kilemba, vikatoka vizuri.

Mgeni aliletwa darasani saa ya mapumziko, kwa sababu msimamizi aliona darasa linapendeza. Alikuwa mama mnene wa viatu vya chini, mwenye uso wa mtu aliyelala vibaya kwenye ndege. Mwalimu alikaza tai akawa mkalimani. Msimamizi alisimama ukutani, chini ya saa. Mgeni alisalimia, akasifu ubao, kisha akauliza kwa upole kuhusu ile ajali: je, kuna yeyote aliyeona chochote?

Sasa, swali hilo mwalimu alikuwa ameliandika ubaoni tangu alfajiri. Neno kwa neno, anybody yake na alama ya kuuliza mwishoni. Darasa lilikuwa limelifanyia mazoezi asubuhi nzima huku likipanga foronya, pamoja na jibu lake, na mdomo uliozoea hauombi ruhusa.

"Nobody saw anything!" wakaitikia kwa sauti moja, kama kwaya: hakuna aliyeona chochote.

Mwalimu alijitahidi kutotabasamu akashindwa. Hawakukosea hata herufi. Fundi wa boila, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepatia, alijishika kifua kwa furaha. Kisha akaona uso wa Kiranja, akauteremsha mkono wake.

Mgeni hakuridhika. Alirudia swali, polepole zaidi, akiwatazama mmoja mmoja. Hapo mkono wa Wifi ukanyooka. Haukuishia kunyooka; ulikunja vidole vingine vyote ukabakiza cha shahada, kikamwelekea msimamizi.

"Mkono ule unaonyesha nini?" mgeni akauliza kupitia kwa mwalimu.

"Saa," alisema msimamizi. "Unatukumbusha kazi. Ni mkono wenye bidii sana."

Mgeni akaitazama saa. Msimamizi akasogea kidogo kushoto, kidole nacho kikasogea kushoto. Akasogea kulia, kikamfuata. Mwishowe akarudi chini ya saa akasimama hapo wima kama nguzo.

"Unapenda muda," akaongeza.

Watu walikuwa wakitazama sakafu. Mgeni akamgeukia aliyekaa karibu na mkono, naye alikuwa Kiranja, akamuuliza yeye peke yake: nani aliondoa kinga?

Kiranja alisimama. Jina lilikuwa mdomoni, na cheo nyuma yake, vimepangana kama alivyoviweka mbele ya kioo. Aliona msimamizi akimtazama bila chuki yoyote, kama unavyomtazama mtu uliyewahi kumwomba akushikie kitu. Alifikiria Bibi Harusi, ambaye upande wake wa kushoto nao ungeweza kulishwa na yeyote. Alifikiria watoto. Alifikiria kiganja chake mwenyewe, na swali ambalo lingefuata, yaani wewe ulikuwa wapi wakati huo.

"Somebody," akasema.

Mgeni akangoja.

"Somebody nani?" mwalimu akamsaidia, kwa sauti ya chini. "Sema tu, mama. Sema kwa Kiswahili ukitaka, mimi nipo."

"Mtu," Kiranja akasema. "Mtu tu."

Mwalimu akatafsiri. Ilikuwa tafsiri sahihi.

Mgeni alitikisa kichwa taratibu, akashukuru, akapita kuwaaga kwa kuwapa mkono mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mkono wa Wifi alikuta kidole bado kimenyooka. Akakikunja kwa upole, jinsi unavyokunja kidole cha mtoto unayemvisha glavu, ili apate kuushika vizuri, akautikisa, akaenda zake. Msimamizi alipiga makofi mara moja, na wote wakarudi kazini. Mchana ule aliongeza kasi ya mashine ili kufidia muda uliopotea kwa ugeni.

Siku ya mapumziko Kiranja alikwenda kwa Wifi. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, akayapanga, akayapangua. Alimkuta uani, nyuma ya nyumba, akianua nguo za jirani; sasa alikuwa anafulia majirani, nguo ndogondogo, na mara mojamoja shuka la mtu asiyejali kwamba ana mkono mmoja.

"Wifi, karibu. Umekonda."

"Wewe ndiye umekonda."

"Mimi nimepungua," Wifi akasema. "Kukonda ni kitu kingine." Akacheka yeye mwenyewe, kwa hiyo Kiranja akalazimika kucheka naye. "Haya, niambie. Anaendeleaje mtumishi wangu? Anasumbua watu?"

"Hasumbui. Ameshajua mpaka neno everything."

"Mshenzi, ananipita." Wifi aliweka kibanio mdomoni, akakitoa. "Juzi mliongeza kasi."

"Umejuaje?"

"Joto. Linaanzia huku," akaonyesha kwa kidevu mahali hewani, mbele kidogo ya kigutu, ambapo vidole vingekuwa. "Asubuhi mkianza nasikia ubaridi wa shuka bichi, halafu moto. Jioni mkizima ndipo nami napumzika. Nachoka, wifi. Nikikaa hapa bila kufanya lolote, nachoka kama nimelisha kutwa."

Kiranja hakushangaa. Alisema atawaambia wapunguze kasi, na wote wawili walijua kwamba hatawaambia.

"Na siku ile ya mgeni nilijua," Wifi akaendelea. Alikuwa akipapasa pindo la shuka kwenye kamba, akitafuta pembe. "Nilikuwa nimekaa pale jikoni, nikasikia kidole kimenyooka. Nikamwambia kaka yako, wameulizwa. Tukangoja wote wawili. Kilikaa kimenyooka, wifi, mpaka msuli ukauma. Nikasema, hapo anasema. Sasa hivi anasema."

Kiranja aliokota kibanio kilichoanguka, akakitia kwenye ndoo.

"Halafu mtu akakikunja," Wifi akasema. "Polepole. Kwa heshima kabisa. Nilidhani ni wewe."

"Siyo mimi. Alikuwa mgeni."

"Ah."

Alilivuta shuka kutoka kwenye kamba. Lilikuwa pana, la kitanda cha watu wawili, na upepo ulitaka kulichukua. Kiranja akakimbilia pembe zake mbili, ndilo jambo pekee alilojua kufanya, akarudi nyuma hatua chache mpaka shuka likafunguka katikati yao. Wifi alishika pembe moja kwa mkono wa kushoto. Nyingine aliinama akaishika kwa meno.

Shuka lililegea. Kiranja alikuwa akitazama pembeni, ukutani, kwenye ndoo, popote.

"Kaza, wifi," Wifi akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Unalegeza."