Hatumjui Mwaija

Tangu arudi kutoka Dar es Salaam kwenye usaili, Mwaija alikuwa hakaliki. Akiketi ukumbini, mkeka unamchoma. Akienda jikoni, anasahau alichokifuata. Simu ameifunga kwenye pindo la kanga, na kila ikitikisika roho inamruka, kumbe ni matangazo ya bando. Mumewe, Mwinyijuma, alimtazama akizunguka uani na ufagio usiofagia kitu.

"Mke wangu, ama fagia ama keti," akamwambia. "Hata kuku wameanza kupata kizunguzungu."

Pale kijijini Mlingotini mume huyo ndiye mtu pekee aliyejua habari. Mamlaka ya Ghuba, wale wanaopanga nani avue wapi na kwa zana gani, walitangaza nafasi moja ya mwakilishi wa wavuvi wadogo kwenye bodi yao, na Mwaija, anayevua uduvi kwa kutanda kitambaa majini tangu hajavunja ungo, akaiomba. Watu hakuwaambia. Aliogopa kijicho kidogo, na utani aliuogopa zaidi. Angekosa, wangemwita Mheshimiwa mpaka siku ya kuzikwa, na Mlingotini watu wana kumbukumbu nzuri sana kwa mambo ya aina hiyo.

Lakini halikuwa jambo la kuchekea. Mwaka huu huu bodi hiyo ingeamua kama yale maji ya kiunoni mbele ya mikoko yafungwe moja kwa moja. Yakifungwa, wanawake hawana pengine pa kwenda na vitambaa vyao. Huko kwenye kina ni kwa wenye mashua, na wao hawana mashua. Mwaija alitaka siku hiyo ya kuamua awemo chumbani, mtu mmoja tu, wa kusema hapana. Waliomsaili walimsikiliza vizuri, wakamwambia atasikia kutoka kwao. Hawakumwambia kwamba kwanza watatuma mtu kuja kumuulizia nyumbani.

Alhamisi hiyo kukaa kulimshinda kabisa. Akabeba uduvi wake mkavu akaenda kuuza Bagamoyo mjini, Dunda, si kwa sababu ulikuwa umemzidi, bali miguu ilitaka pa kwenda. Akauza chapuchapu kama mtu anayekimbia moto, akapanda bodaboda kurudi. Alipoteremka kijijini alimkuta Mzee Mtoro, mwenyekiti wa kitongoji, amesimama njiani anamngoja, uso umemchanua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba! Mwanangu, leo tumekuokoa!"

"Mmeniokoa na nini?"

"Kaja mtu. Viatu vyeusi, faili mkononi. Anamuuliza Mwaija binti Khamis. Mimi nikamwambia alikuwepo, lakini alihamia Tanga na mume wake wa pili."

"Mume wa pili, mzee?"

"Nilitaka kunogesha kidogo. Basi hakuridhika, akapita nyumba kwa nyumba. Wapi! Hakuna aliyekutaja. Hata muuza vitumbua kasema hakujui. Na aliyetia fora ni mama mkwe wako. Kamwambia mwanawe hajaoa."

Mzee Mtoro akacheka mpaka akashika ukuta. Mwaija hakucheka. Akauliza tu kama mtu yule alisema katumwa na nani.

"Alisema Mamlaka. Nasi tukajua hao hao."

Wa kulaumiwa hapo, mimi sioni mwingine isipokuwa Mwaija mwenyewe. Miaka ile watu wa doria wa Mamlaka walipokuja wakachoma vitambaa vya wanawake pale mchangani kwamba ni zana haramu, wakaandika majina na kuwapeleka wenye vitambaa mahakamani, ni yeye aliyewakusanya wenzake akawapa somo. Akija mtu na viatu na faili akataja jina la mtu, hatumjui. Hata mwenzako akikupigia simu kwa sauti yake mwenyewe akikuomba umtaje, bado humjui, maana huoni nani kasimama nyuma yake. Mpaka umwone kwa macho yako. Tangu hapo hakuna aliyepatikana tena, na Mwaija alijivuna kwa hilo. Kijiji kizima kililijua somo kuliko sala ya tarawehe.

"Yuko wapi sasa?"

"Kule barabarani, dukani kwa Farhan. Vijana wa bodaboda nimewaambia wasimpakie, wasije wakazunguka naye. Wewe pita nyuma, kajifiche kwa jirani yako Biubwa."

Mwaija akageuka akatoka mbio, tena kuelekea barabarani. Mzee Mtoro akabaki ameduwaa, akidhani hofu imemchanganya akili.

Kijana mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi la Farhan, chupa ya soda mkononi, amechoka, viatu vimejaa mchanga. Alipomwona mwanamke anamjia anahema, aliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Mwaija."

Kijana akacheka bila furaha. Alijitaja jina, Ibrahimu, akasema ametumwa na Mamlaka kuhakiki waombaji. Mwaija akamtolea kitambulisho cha taifa. Ibrahimu akakitazama, akamrudishia.

"Hiki kinanipa jina. Mimi nimetumwa kuulizia mwenendo. Nahitaji majirani wawili, waniambie kwa vinywa vyao. Mama, nimezunguka tangu asubuhi. Nikirudi nikaandika kwamba kijijini kwake hakuna amjuaye, unajua mwenyewe kitakachofuata. Na kesho faili linafungwa."

"Ngoja," Mwaija akasema. "Ngoja kidogo tu."

Akafungua pindo la kanga, akampigia Shamsia. Huyo ndiye mwenzake wa kitambaa, maana uduvi hutandwa na wanawake wawili, kila mmoja na upande wake. Wawili hao walianza wasichana, sasa wana wajukuu, na kitambaa hawajabadilishana na mtu. Mwaija akaweka sauti ya nje ili Ibrahimu asikie.

"Shamsia, mimi Mwaija. Njoo dukani kwa Farhan mara moja, kuna mtu anataka kukuuliza habari zangu."

"Mwaija yupi?"

"Mwaija wako, shoga yangu! Niko salama, nisikilize..."

"Dada, umekosea namba. Mwaija mimi simjui." Sauti ikatetemeka. "Na kama yupo, Mungu amstiri huko aliko."

Simu ikakatwa. Mwaija alijua kwamba huko upande wa pili mtu analia. Akampenda Shamsia wakati ule kuliko siku zote, na angekuwa karibu angemzaba kofi.

Ibrahimu alivuta kalamu. "Mama, watu hawa umewakosea nini?"

Mwaija akafunga ushungi, akaufungua, akaufunga tena. Uongo ulikuwa tele, angeweza kuchagua. Angesema wana wivu, angesema ni siasa za kijiji, na kijana angeamini. Ila kusema kweli ni kuiambia Mamlaka kwamba aliyewafundisha watu kuikimbia ndiye huyu anayeomba kiti mezani kwake.

"Hawana ugomvi nami," akasema mwisho. "Wanawakimbia ninyi. Na aliyewafundisha kukimbia ni mimi."

"Hilo nalo niliandike?"

"Andika. Ila kabla hujafunga faili, twende pwani."

Maji yalikuwa yameanza kujaa na wanawake wamekwisha kuteremka. Walipoviona vile viatu, vitambaa vikapotea ndani ya ndoo, nyuso zikageukia mikoko. Shamsia alisimama na chake mgongoni, macho mekundu. Alimtazama Mwaija juu mpaka chini, akitafuta pingu.

"Sijakamatwa," Mwaija akapaza sauti, wote wasikie. "Huyu si wa doria. Nimeomba kuingia kwenye bodi ya Mamlaka. Amekuja kuuliza kama mnanijua."

Shamsia akasema, polepole, "Bodi ya waliochoma vitambaa vyetu?"

"Hao hao."

"Tangu lini umeomba?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na futari tumekula sinia moja."

Mwaija akainamisha kichwa. "Niliogopa mtanicheka."

"Nimekata simu yako nikakaa chini nikalia, Mwaija. Nilijua umekwisha."

Akamgeuzia mgongo. Akakikunjua kitambaa, akaingia majini peke yake, upande mmoja ameushika, upande wa pili unaelea nyuma yake ovyo. Biubwa alikuwa karibu, mikono mitupu, na hakuugusa. Hakuna mwanamke aliyeugusa. Shamsia naye hakugeuka kumwita mtu. Alisimama tu pale maji yalipomfika kiunoni, akangoja.

Mwaija alibaki ukingoni. Kitambaa kile kilikuwa cha aina ile ile iliyochomwa, na mtu wa Mamlaka alikuwa amesimama hatua chache, kalamu mkononi. Akibaki mkavu, huenda bado kiti kipo. Akiingia, kijana ataona kwa macho yake kwamba naye anavua kwa zana haramu, jambo ambalo hata mahakamani halikuthibitika. Alikitaka kiti kile. Alikitaka mpaka usingizi ulimkimbia, na sasa alihisi kinamponyoka, akataka kulia kwa hasira.

Akafunga kibwebwe, akaingia. Upande ule unaoelea akauokota, akaukaza, wakaanza kuvuta, wakinyamaziana, hatua zao zikienda pamoja bila kuhesabiwa. Walipokiinua kitambaa, uduvi ulikuwa umejaa katikati, unarukaruka. Wakatoka nao wakaumwaga kwenye ndoo.

Ibrahimu alikuwa ameteremka mpaka majini, suruali ameikunja, viatu ameshika mkono mmoja na faili mkono mwingine. Alimsogelea Shamsia kwa adabu.

"Samahani, mama. Bado humjui?"

Shamsia alikuwa anakamua kanga yake. Hakumtazama Mwaija.

"Mwaija niliyemjua asingenificha jambo," akasema. "Huyu simjui."

Ibrahimu akainama, akaandika. Mwaija akaitazama ile kalamu inavyokwenda, maji yakimchuruzika miguuni.

"Na hili nalo liandike," Shamsia akasema. "Upande ule wa kitambaa ni wake. Siku akiumwa, mimi siingii majini."