Mavis wa Ellersett

Mwanamke aliyekuwa akiipiga picha nguzo ya lango alikuwa amelowa mpaka mabegani, wala hakuonekana kujali. Mavis alimtazama kupitia dirisha la jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo kikiwa begani. Kila kiangazi walikuja watu wa namna hii: Wakanada waliovaa makoti mapya ya mvua, watu wa Nyuzilandi, siku moja baba na mwanawe kutoka Burnley, ambako si mbali hata injini ya gari ipate joto. Wote walikuwa na jina moja la ukoo, Ellersett, na wote walitaka kusimama kando ya nguzo iliyochongwa jina hilo, watabasamu kama watu waliokuta picha yao ya utotoni ukutani mwa nyumba ya mtu mwingine.

Mavis mwenyewe hakuwa wa ukoo huo. Jina lake la ndoa lilikuwa Capstick. Lakini katika bonde lile jina la ukoo lilikuwa kama suti ya mazishini: hutolewa siku ya shughuli, kisha hurudishwa kabatini. Siku za kawaida mtu aliitwa kwa shamba lake. Jirani yake wa ng'ambo ya kijito alikuwa Kit wa Hagg, kama baba yake alivyokuwa wa Hagg, na kama mgeni yeyote atakayeinunua Hagg atakavyokuwa wa Hagg kabla hajafungua mizigo. Basi tangu siku alipoingia uani hapo akiwa bibi harusi mwenye viatu visivyofaa kwa tope, yeye alikuwa Mavis wa Ellersett. Ndivyo walivyomwita mnadani na kanisani, na ndivyo alivyojiita mwenyewe alipojikaripia kwa kuunguza maziwa.

"Yule naye ni wa ukoo wako?" Kit aliuliza kutoka mezani. Alikuwa amekuja kuleta mayai, kisha akakaa, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Ukoo gani? Mimi sina ukoo, nina kondoo."

"Mpeleke akaione ikulu."

Ikulu lilikuwa banda la nguruwe nyuma ya ghala, lisilo na paa wala nguruwe. Kit alikuwa amewaaminisha wageni kadhaa kwamba hapo ndipo mzee wa kwanza wa ukoo alipokuwa akilala na upanga wake.

"Mwaka jana yule bwana wa Kanada alivua kofia," Mavis akasema.

"Si alikuwa na adabu."

"Wewe ndiye uliyemwambia aivue, mzee mwongo wewe!"

"Nilimwambia heshima haigharimu kitu. Kuvua alivua mwenyewe." Kit alijimiminia chai nyingine. "Hao wa Manchester watakaoinunua nyumba hii hawatakuwa na subira na wageni. Nasikia wataweka beseni la kuogea nje. La maji moto. Waoge huku kondoo wanawatazama."

Mavis hakucheka. Mkono wake ulikuwa umekamata ukingo wa sinki, mahali ulipozoea kukamata tangu majira ya baridi, siku alipoteleza uani akalala juu ya barafu mpaka Kit alipoona moshi hautoki kwenye dohani. Mwanawe Russell hakumlazimisha. Alimtafutia tu nyumba ndogo mjini Skipton, ya chini, isiyo na ngazi, akamwonyesha, akanyamaza. Unyamavu ule ulikuwa mzito kuliko ugomvi. Sasa mwanasheria alikuwa akisubiri sahihi yake siku ya Ijumaa.

"Na Ijumaa utakwenda?" Kit aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mguu umekwisha kujibu."

"Sijauuliza mguu."

Mavis aligeuka. "Wakishahamia hao watu, Kit, mtawaitaje?"

"Tutawaitaje? Si wa Ellersett, kwani nyumba itakuwa ya..." Kit akaishia hapo. Akakitazama kikombe chake kana kwamba kimemsengenya.

"Na mimi?"

Kabla hajajibiwa, hodi ilibishwa mlangoni.

Mgeni alikuwa mwanamke Mweusi mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, miwani imejaa matone. Aliomba radhi kwa kupiga picha bila ruhusa. Kit alimtazama, akaitazama nguzo kwa dirishani, akamtazama tena.

"Na wewe ni... Ellersett?"

"Yvette Ellersett, wa Leeds," akasema mgeni. "Usijali, bwana. Hata mimi nilipojitazama kwenye kioo asubuhi nilishtuka."

Kit akaiva masikio mpaka yakawa mekundu, kisha akaangua kicheko, na katika kicheko hicho akapata njia ya kuchukua kofia yake na kujiondokea. Mavis alimvuta mgeni karibu na jiko la kuni, akalitundika koti lake la mvua juu ya reli, akamkatia keki ya zabibu na kipande cha jibini juu yake.

"Kula kwanza, mwanangu. Nguzo haikimbii."

Yvette alikuwa amestaafu udereva wa mabasi ya mjini. Alizungumza taratibu, akiupima mwendo wa maneno kama mtu aliyezoea kubeba vikongwe waliosimama. Alipomaliza keki alifuta vidole, akatandaza mezani ramani iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa imejaa nukta za wino wa bluu. Kila nukta, alieleza, ilikuwa nyumba ya watu wenye jina lao. Zilisongamana kama vipele chini ya vilima, kwenye miji ya viwanda vya pamba, ambako watu wa milimani waliteremka kutafuta ujira. Pembeni alikuwa amebandika karatasi nyingine ndogo: Kanada, Nyuzilandi, na kusini mwa kisiwa cha Jamaika, ambako baba yake alizaliwa.

Mavis aliinama, akalitafuta bonde lao. Akalipata kwa kufuata mto. Lilikuwa jeupe.

"Umetusahau sisi," akasema.

"Sikuwasahau, mama. Nimetafuta sana. Hapa hajapata kukaa Ellersett hata mmoja."

"Haiwezekani. Jina si limetoka hapa?"

"Limetoka hapa. Ndiyo maana halipo." Yvette aliweka kidole juu ya weupe ule. "Mama, wewe hapa wanakuitaje?"

"Mavis wa Ellersett."

"Na aliyekuwepo kabla yako?"

"Wa Ellersett. Kila anayekaa humu."

"Basi. Hapa jina ni la nyumba. Anayekaa huliazima, akifa hupokea mwingine. Halitoki mlangoni. Lakini zamani hizo, mtu mmoja alivuka mlima, akaenda kuwachungia watawa kondoo upande wa pili. Kule nyumba hii hawakuijua. Walikuwa na akina John wengi, huyu wakamwita kwa alikotoka. Na kule hakukuwa na mlango wa kulirudishia jina. Likamganda, akawaachia watoto." Alivua miwani akaifuta. "Mimi nimeendesha basi maisha yangu yote. Basi hubeba jina la linakokwenda. Mtu hubeba la alikotoka. Sisi wote kwenye ramani hii ni wa yule aliyeondoka. Waliobaki hawakumwachia mtu jina."

Mavis alikwenda kuongeza kuni ambazo jiko halikuzihitaji. Wiki zote zile alikuwa amelifikiria jina lake kama alivyowafikiria kondoo wake. Kondoo wa mlima ule hawahamishwi. Hufundishwa na mama zao mpaka usio na ukuta, na shamba likiuzwa huuzwa pamoja na mlima wao. Hata alama nyekundu ya nyongani ilikuwa ya shamba, si yake. Kila kitu kilikuwa cha shamba. Alikuwa amejiona kama mgeni aliyekaa miaka mingi, na sasa anaombwa arudishe koti aliloazimwa mlangoni. Hakuwahi kufikiri kwamba lipo koti ambalo humwenea mtu akishatoka tu.

"Na kule Jamaika?" akauliza hatimaye. "Nani alivuka mpaka kule?"

Yvette aliikunja ramani nusu. "Mtu wa Liverpool, mzao wa mbali wa yule mchunga kondoo. Alikuwa na shamba la miwa, na watu wa kulilima. Watu aliowanunua. Walipoachiwa huru kila mmoja alitakiwa awe na jina la pili, na lililokuwa karibu ni la kwake."

Moto ulilia jikoni. Mavis aliitazama nusu ya ramani iliyobaki wazi.

"Basi bila shaka unalichukia."

"Nililichukia miaka mingi. Nilipoolewa nikalitupa, nikafurahi. Kisha baba akafariki. Alikuwa mtu mpole, mama. Kila asubuhi alilipigia mswaki koti lake kabla ya kwenda kiwandani, na jina lake aliliandika polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepanda miche. Nikaona kwamba yule mwenye miwa alikuwa nalo, ndiyo, lakini baba naye alikuwa nalo, tena alilitunza vizuri zaidi. Nikalirudia." Alitabasamu kidogo. "Kitu kimoja nilitaka kukiona kwa macho yangu. Jumba lenyewe lilikuwa wapi?"

"Jumba?"

"Baba aliamini mtu kama yule lazima asili yake ni jumba kubwa. Lenye nguzo mbele, na farasi. Alisema watu hawajivuni hivyo bure."

Ile ikulu ya Kit ilimjia Mavis ulimini, na upanga wake na kila kitu. Ilikuwa imechekesha wageni wengi. Akaimeza.

"Hapajawahi kuwa na jumba hapa, mwanangu," akasema. "Palikuwa na malisho ya kiangazi na miti ipendayo maji. Watu walilala na ng'ombe ili wapate joto. Palikuwa na tope. Mpaka leo lipo, umelikanyaga."

Yvette alimtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka kimya kwanza, kisha kwa sauti, kisha akavua miwani kwa sababu macho yalikuwa yanachuruzika.

"Tope!" akasema. "Ee Mungu wangu. Tope tupu! Laiti baba angelisikia hili!"

Na Mavis naye akacheka, akimshika mkono, bila kujua vizuri ni lipi katika yale yote wanalolicheka, ila akijua kwamba si mzaha wa kumcheka mtu.

Manyunyu yalipokatika walitoka polepole, mmoja na mkongojo wake, mwingine amempa kiwiko, mpaka kwenye chemchemi nyuma ya ghala. Yvette aliinama akateka maji kwa kiganja, akanywa. Alisimama kwa muda akiyasikiliza. Mavis hakumuuliza anamkumbuka nani. Yapo mambo ambayo mwenyeji mwema huyageuzia mgongo, akajifanya anatazama ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa umebomoka kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliliona pengo bila kuwaza nani atalijenga.

Ijumaa alitia sahihi. Yeye hakugoma. Kalamu ya mwanasheria ndiyo iliyogoma, ikabidi aletewe nyingine.

Nyumba ya Skipton ilikuwa na joto la kupita kiasi, na ukimya wake haukuwa ukimya wa mlimani. Ulikuwa ukimya wa watu wengi waliofunga milango. Kwenye kengele waliandika Capstick. Majirani walimpungia mkono kwa adabu, wakaendelea na njia zao. Usiku aliutegea sikio upepo, akapata mngurumo wa friji.

Kisha ikaja siku ya mnada wa kondoo, naye Kit akateremka mjini. Hakuigusa kengele, pengine hakuiona, pengine jina lililoandikwa hapo halikumwambia kitu. Alisimama kwenye maegesho, akaweka viganja mdomoni, akaitoa ile sauti ya kumwitia mbwa aliye upande wa pili wa bonde.

"Mavis! Mavis wa Ellersett! Upo humo, au wamekutia kwenye siki kama achari?"

Madirisha yalifunguka huku na huko. Mavis alitoa kichwa, uso unamwaka kwa aibu na kwa kitu kingine.

"Nyamaza, we mzee! Watu wamelala!"

"Saa tano hii? Wamelala au wamekufa? Weka birika!"

Alikaa mezani kwake mpaka mchana, akampa habari. Wale wa Manchester walikuwa wamekwisha kukwama topeni mara mbili, naye aliwavuta kwa trekta.

"Na mnawaitaje?" Mavis akauliza.

"Wa Ellersett." Kit alikuna kidevu. "Nao wanaitikia, masikini. Lakini mke wangu akisema amemwota Ellersett, ujue ni wewe."

Kesho yake asubuhi, ukumbini mwa jengo lao, Mavis alikutana na bibi mmoja mwembamba aliyebeba kijibwa cheupe. Walikuwa wamepishana mara nyingi bila neno. Leo yule bibi alisita.

"Hujambo, Bi Ellersett."

Mavis alifungua kinywa amsahihishe. Lile Capstick lilikuwa tayari ulimini, jina jema la mume mwema. Lakini alikuwa ameisikia lafudhi ya yule bibi, ndefu na bapa, lafudhi ya mahali pasipo na mlima hata mmoja.

"Sijambo, mwenzangu," akasema. Akauhamishia mkongojo mkono wa pili ili asimame vizuri. "Na wewe? Umetokea wapi?"

Bibi yule alimtua mbwa chini. Ikaonekana kana kwamba swali hilo lilikuwa limechukua muda mrefu kumfikia.

"Ah, ni mahali padogo tu," akasema. "Hutapajua."

"Niambie," Mavis akasema.