Siku Kumi na Nne

...kumi na saba au kumi na nane, ndilo analouliza fundi wa mawe, kasimama mlangoni na penseli yake sikioni, nami namwambia subiri kidogo, fundi, nahakikisha, kana kwamba kipo cha kuhakikisha, miezi mitano sina kazi nyingine, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, napiga hodi nyumba kwa nyumba nikiuliza watu mwanao aliuawa wapi, alipenda somo gani, chai za watu nimezinywa hadi nimezichukia, nimechoka, jamani, nimechoka hadi kope, na kumi na saba nimewapata, wanafunzi wetu waliokufa vitani, kila mmoja na ukurasa wake wa daftari la mahudhurio, maana mkuu wa shule kasema bila ukurasa hakuna jina, ukurasa utapigwa picha na kutundikwa ukutani, pembeni ya jiwe la majina ili watu waone kweli alisoma hapa... na daftari la Dakika Tano hili hapa mezani, limefungwa, nimeliwekea kiwiko juu kama mtoto anayeficha jibu. Dakika Tano tulimwita kwa sababu hakuwahi kufika kwa wakati, kijana mrefu, mikono ya shati imemkimbia, anachungulia dirishani, "Mwalimu, nimechelewa dakika tano tu, niingie?" na darasa zima kicheko, hata mimi, kisha namkaripia... karani wa shule anasema kitu kuhusu picha za kurasa, tuzipige kabla umeme haujakatika, sawa mwanangu, sawa... na wiki iliyopita alikuja dada yake Dakika Tano, ana mvi sasa, akaniamkia kwa adabu zote, akaweka picha ya marehemu hapa, "Mwalimu, mama alikufa akisema shule haitamsahau," nikamjibu nitaangalia, ati nitaangalia, kama vile siujui mwandiko wangu mwenyewe, mtoro, amefutwa, wino mwekundu na sahihi yangu chini, maana kanuni ilikuwa siku kumi na nne bila taarifa unafutwa, na wakati ule mwanafunzi alitembea na cheti cha shule, askari wakimsimamisha anakionyesha, wanamwacha, asiye nacho anapandishwa lori kwenda kupigana, hilo kila mtu alilijua, na mimi nililijua, nikakidai cheti kirudishwe na kikarudishwa, mama yake alikileta mwenyewe, akasimama palepale aliposimama fundi, bado amedhoofu, "Mwalimu, alikuwa ananiuguza mimi, si mtoro huyu," nikamwambia sheria ni msumeno, mama, wala sikuinua macho, nilikuwa nasahihisha insha, na siku nne baadaye lori likapita, likamchukua... "Mwalimu, jua linapanda," fundi huyo, naam, nimesikia. Miaka yote nimejifariji na hizo kumi na nne, kwamba mkono ni wangu lakini kanuni si yangu, haya, nilifungue basi yaishe, Jumatatu sifuri, Jumanne sifuri, Jumatano... ngoja, Jumatano hadi Ijumaa darasa zima halina alama, nimechora mstari kutoka juu hadi chini, shule imefungwa, mizinga, nakumbuka, tulilala chini ya meza siku tatu, hakuna aliyekuja shule, hata mimi sikuja, ila kwenye jina lake mstari umerukwa, kuna sifuri tatu nyekundu, maana tulijaza daftari mwisho wa mwezi, walimu wote, kwa mkupuo, tumekaa nalo nyumbani, na mtoro unamshushia sifuri moja kwa moja bila kuinua kalamu, kumi na nne toa tatu, nahesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, kumi na moja, narudia, kumi na moja, Mungu wangu, alikuwa bado mwanafunzi wetu, alikuwa na siku tatu mkononi na mimi ndiye niliyemnyang'anya... ningeweza kusema panya wamekula ukurasa, nani atabisha, panya wamekula nusu ya stoo hii, dada yake atanishukuru kwa kuhangaika, atanishukuru, hilo ndilo siliwezi, na msumeno wenyewe, sikummalizia mama yule maneno, hukata mbele na nyuma. Wajukuu zangu wawili wanapita ukuta ule kila asubuhi, mkubwa anajua kusoma, ataijua sahihi ya bibi yake, ataniuliza, na nitamwambia, nitakaa naye chini nimhesabie siku moja moja... "Kwa hiyo kumi na saba, Mwalimu?" fundi anauliza tena, karani kashika kamera anangoja, nami kiwiko nimekiondoa, na ninachotaka kumwambia karani ni kimoja tu, mwanangu, ukipiga usikate pembeni, wekundu wote uonekane, na sahihi.