Mwaka Tuliopiga Kafi

Binti yangu Margareta, wa miaka mitatu, alikuwa ameketi kati ya magoti yangu mtumbwini. Ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa kibuyuni. Nyuma yetu, ufukweni Ilagala, mke wangu Veneranda alisimama tu, hakupunga mkono.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Siku mbili kabla, kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kimefanya mkutano. Mauzo ya dagaa na mihogo yalitosha jambo moja: mashine ya boti, au banda la chekechea na posho ya mwalimu. Sisi wanaume tulicheka. Nani amlipe mtu aimbe na watoto? Hamdani, mkubwa wa wavuvi, alisema mashine italeta samaki, watoto wataleta kelele. Nikanyoosha mkono upande wake.

Wanawake hawakubisha. Ila siku mbili baadaye, jioni tulipokuwa tukisukuma mitumbwi, walishuka na watoto, wakawapakia mmoja mmoja.

"Mimi naanika dagaa huku namkimbilia huyu asiingie majini," Veneranda aliniambia. "Leo vua naye wewe."

Wenzangu waliwarudisha watoto mchangani. Mimi, kwa ukaidi, nikapiga kafi.

Milima ya Kongo ilielea ng'ambo kama moshi.

"Baba, kule nani anakaa?"

"Babu yako alitoka kule."

"Anaitwa nani?"

"Faustini."

Akalirudia jina polepole, kama anayeonja asali. Kisha akauliza ndege wanalala wapi, na kama jua likizama linalowa. Hadi siku ile nilikuwa nikijua tu uzito wake akiwa amelala. Sauti yake nilikuwa kama naisikia kwa mara ya kwanza.

Ghafla akainama kulishika jua majini. Nilimdaka kwa gauni, nusu yake ikiwa imeshavuka ukingo. Kafi likaniponyoka. Nilimkumbatia, nikifikiri: ndivyo mama yake anavyoishi kila siku.

Nikapiga maji kwa mikono hadi nikalifikia kafi, tukarudi bila hata dagaa mmoja.

Niliomba mkutano uitishwe tena. "Mashine itangoja," nilisema. "Hawa hawangoji." Chekechea ikapita kwa tofauti ya mikono michache, na Hamdani akaacha kunisalimia.

Mwaka ule ulituuma. Boti za mashine za vijiji jirani zilitupita, zikatuachia mawimbi. Tulivua kidogo. Lakini wanawake, mikono yao ikiwa huru, walijenga vichanja, wakaanika dagaa juu yake, si mchangani tena. Dagaa wale safi waligombewa sokoni Kibirizi. Mashine ilikuja mwaka wa tatu.

Kabla haijaja, asubuhi moja nilimkuta Hamdani kwenye njia ya chekechea, amembeba mjukuu begani, jasho likimtoka.

"Kalisti," aliniita, mara ya kwanza tangu mkutano ule. "Wanaanza saa ngapi?"

"Wameshaanza."

Akavua ndara, akazishika mkononi, akakimbia.