Wagonjwa Kumi na Tisa

Kamati yetu ilikuwa na kazi moja: kuandika mwongozo wa kuwatunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, kila pendekezo liwe na utafiti nyuma yake. Muuguzi nilikuwa mimi peke yangu. Wengine wote ni mabingwa.

Pendekezo la sita lilisema mzee anayehangaika apewe mapema vidonge vya kutuliza. Utafiti wake ulifanyika katika nyumba ya wazee iliyo jirani, na msimamizi alikuwa mwenyekiti wetu mwenyewe, daktari. Nikasoma jedwali mara tatu. Walioanza, sitini. Waliomaliza, arobaini na mmoja.

"Daktari, hawa kumi na tisa walikwenda wapi?"

"Walijitoa," akajibu bila kuinua macho. "Dada, tusitafute mchawi. Tupige kura."

Mtu asiyemjua mwanawe wa kumzaa anajitoaje? Nikang'ang'ana hadi kura ikaahirishwa mpaka Ijumaa. Tangu hapo sikumwamini mtu. Mtakwimu wa kamati hakuwa amegusia lile jedwali, nikajiuliza anaficha nini. Hata mama yangu, anayeugua ugonjwa huohuo, aliponinong'oneza jikoni, "Mwanangu, wananiibia miwani," sikucheka kama siku zote. Niliishusha kutoka kichwani mwake, nikamvalisha machoni.

Kesho yake nikaenda kwenye ile nyumba ya wazee. Mhudumu alikuwa anakunja mashuka.

"Kumi na tisa? Si hao walioanguka!" akasema. "Vidonge vinawalegeza. Mzee anainuka kwenda msalani, magoti hayamo. Akivunjika nyonga anapelekwa hospitali, na huku jina linakatwa kwenye orodha ya utafiti."

"Hukusema?"

"Nani anamuuliza mkunja mashuka?"

Lakini alikuwa ameandika. Daftari lake lilikuwa na tarehe, chumba, na mahali mzee alipoumia.

Ijumaa nikaliweka mezani. Mwenyekiti akafunua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu.

"Karatasi nilizoletewa zilisema wamejitoa," akasema taratibu. "Sikuuliza zaidi."

Kama alisema kweli, mpaka leo sijui. Mtakwimu akakohoa, akaomba hesabu zirudiwe, na wale kumi na tisa wakahesabiwa. Pendekezo likaandikwa upya: kwanza kitafutwe kinachomsumbua mzee, iwe maumivu, njaa, haja au woga, vidonge viwe vya mwisho. Mwenyekiti alinyoosha mkono baada ya wote.

Kikao kilichofuata tulimwalika mhudumu. Akasoma pendekezo la saba, la kuwaogesha wazee, polepole, kidole juu ya mstari, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Aliyeandika hili," akauliza, "amewahi kumwogesha mzee?"