Kidonge cha Majina Mawili

"Maman, ile giza ya macho inakukamata ukiwa umekaa, ao ukisimama?"

"Nikisimama," Lucie alimjibu muuguzi, kisha akafumba macho.

Asubuhi hiyo alikuwa ameanguka kwenye mteremko wa Kadutu, gunia la makaa mgongoni, kamba yake bado imebana paji la uso. Miaka ishirini na miwili alibeba mizigo ya watu kutoka sokoni, na hata utelezi wa mvua haukuwahi kumwangusha. Kazi yenyewe ni kuinama na kusimama, basi. Sasa kusimama kulikuwa mzigo mwingine juu ya mzigo. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa, na aliogopa: asipobeba, watoto wake hawali.

Fabiola, yule muuguzi wa kituo cha afya, alipima tension, presha ya damu, mkono wa kushoto, akakunja uso, akapima wa kulia. Miezi mitatu nyuma ilikuwa juu mno. Leo ilikuwa imeshuka vibaya. Akataka kuona kila dawa anayoimeza.

Lucie alifungua fundo la kitenge. Kulikuwa na boksi alilopewa hapo hapo kituoni, na vidonge vya jirani yake Georgette, ambaye naye ana tension. Georgette aliposikia habari ya ugonjwa wa Lucie alikuja kumpa pole, na kwao mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu: alileta nusu ya dawa zake. Ungezikataaje? Tena kidole kimoja hakivunji chawa, Lucie aliwaza, na majina ya dawa hizo hayakufanana hata kidogo. Akawa anameza zote mbili.

"Kanisani banakuitaka nani?" Fabiola aliuliza.

"Lucie."

"Na kwenu Nyantende?"

"M'Mushagalusa."

"Basi muko bantu babili?"

Lucie alitikisa kichwa.

"Na hii dawa iko vile vile. Huku jina ya kiwanda, huku jina yake ya kweli. Unamezaka ile ile mara mbili."

Akamweleza kwamba hata zingekuwa tofauti, dawa za tension hazichanganywi kama mboga. Nyingine zikikutana huharibu figo, nyingine hupunguza mwendo wa moyo. Ameze ya kituo peke yake, kuanzia kesho. Na wiki nzima asibebe kitu, na kila anaposimama, asimame polepole.

Alipotoka kituoni, Lucie alimkuta Georgette ameketi mlangoni pa nyumba yake, amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu kutuliza maumivu. Lucie aliketi kando yake, akamrudishia vidonge vilivyobaki, akaeleza yote taratibu ili isionekane dharau.

Georgette alivihesabu kiganjani.

"Miye nilikuwa nameza leo, kesho naacha," alisema. "Njo dawa itutoshe sisi babili."

Lucie alitaka kumgombeza. Alimpenda mwanamke huyu, na alimkasirikia. Aliinua kikombe cha maji kilichokuwa karibu, akampa.

"Meza ya leo. Moja tu. Kesho tutaenda kwa Fabiola, akupime na weye."

Georgette alimeza.

Lucie alipotaka kusimama alikumbuka alivyoonywa: polepole. Georgette alimnyooshea mkono, naye akaushika. Wakabaki hivyo, mmoja ameketi, mwingine nusu amesimama, wakingoja giza lipite.